Tangazo la Saa Moja

Kituo cha Utamaduni, Chumba cha Kumbukumbu
6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta mzima, na cherehani nayo nzima, maana najua ukiulizwa hali huwa unaanza na ya cherehani. Sisi tupo. Goti linamsumbua Baba lakini hakubali kukaa hata kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Anasema viti ni vya wateja. Paka amezaa ndani ya sanduku la maranda, kwa hiyo kwa sasa karakana nzima inaendeshwa kwa amri ya paka.

Habari kubwa ni kwamba mji wetu unapandishwa hadhi, unakuwa jiji. Hati italetwa tarehe kumi na nane Aprili, na siku hiyohiyo wageni watafungua kituo chetu na kuzindua tuta la bwawa lililoinuliwa. Mimi nimepewa Chumba cha Kumbukumbu. Kuna ukuta mrefu tunaoandika hatua zote za mji: shule ya kwanza ya mabati, daraja, timu iliyoleta kombe, diwani wa kwanza mwanamke, redio.

Hiyo redio ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Fundi mitambo wa zamani, yule mzee wanayemwita Waya, ametuletea boksi la mikanda na picha. Ndani nimekukuta wewe. Una nywele za kusuka, kipaza sauti kiko mbele yako, na nyuma ya picha pameandikwa: Bi Alfajiri, mtangazaji wa kwanza mwanamke. Shangazi, miaka yote hii nimekujua kama mshonaji tu. Kwa nini sikuambiwa? Nilimuuliza Baba. Aliendelea kupiga randa mpaka ubao ukawa hauna kazi tena.

Nataka picha yako iwe katikati ya ukuta, na sauti yako isikike mgeni akiingia. Nipe ruhusa. Najua simu huzitaki, hivyo nasubiri posta.

Mpwa wako anayekuonea fahari.

*

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Cherehani ni nzima, mkanda wake tu umelegea nikaufunga kwa uzi wa viatu, sasa unakimbia kuliko zamani. Mwezi huu nina sketi themanini za shule, zote za marinda, na mwalimu mkuu anataka marinda yaelekee upande mmoja kama askari. Jirani yangu muuza maziwa amejifungua mapacha. Miguu yangu inavimba jioni, si jambo la kutisha. Mwambie baba yako akande goti kwa maji ya chumvi, ingawa najua hutamwambia kwamba nimesema mimi.

Hongera kwa kazi. Ukuta wenye mambo mema ya mji ni jambo jema. Andika shule, andika daraja.

Hiyo picha irudishe kwenye boksi. Watu wanafanana duniani, wanasema kila mtu ana wenzake wawili. Kama ipo ukutani, ishushe kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Vaa sweta, mvua za huko huanza na baridi.

Shangazi.

*

Kituo cha Utamaduni
8 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Hongera kwa mapacha wa jirani. Goti la Baba limepata nafuu. Nilimwambia ya maji ya chumvi nikasema nimeyasikia redioni. Akanitazama kidogo, kisha akakanda.

Picha nimeishusha, usiwe na wasiwasi. Lakini usiniambie watu wanafanana. Kidole chako cha shahada kina kovu la sindano hata pichani, na Waya amekiri kwamba ni wewe. Anasema mlipokuwa mnafungua matangazo saa moja asubuhi, watu walikuwa wanasawazisha saa zao kwa sauti yako. Nilipomuuliza kwa nini uliacha, alianza kutafuta miwani, nayo ilikuwa usoni.

Hapa kuna mvutano. Kwenye orodha ya ukuta niliandika mafuriko, mwaka ule, watu sitini na watatu. Katibu wa kamati ya sherehe amefuta kwa kalamu nyekundu akaandika "Mwaka wa mvua nyingi". Nilimwambia mama yangu ni mmoja wa hao sitini na watatu. Akasema, "Pole, lakini wageni hawaji kulia." Nilikuwa na miaka miwili tu mama alipokufa, hata uso wake ninauazima kwenye picha.

La kukufurahisha ni hili: redio inafufuliwa, iko chumba cha pili kutoka changu, na mimi ndiye nitakayesoma matangazo ya asubuhi. Siku ya majaribio Waya alivua vifaa vya masikioni, akasema, "Nilidhani amerudi."

Kwenye boksi umebaki mkanda mmoja usio na lebo. Waya hataki kuusikiliza, anasema una kutu. Nami nimeushika, hauna kutu hata kidogo.

Mvua zimeanza mapema.

Mpwa wako.

*

19 Machi

Mwanangu,

Salamu ni zilezile, tumshukuru Mungu. Sketi nimemaliza.

Nakuandikia haraka kwa sababu gari la posta linaondoka mchana. Usikubali hiyo kazi ya kusoma. Mwambie Katibu una kikohozi, mwambie lolote. Wape kina dada wengine. Sauti ikishatoka kinywani ikaingia kwenye waya si yako tena.

Utasema shangazi amezeeka. Basi nikwambie ninavyoishi, ujue sitanii. Wateja wangu huniandikia vipimo kwenye karatasi. Wanaamini nina ugonjwa wa koo, wengine huniletea tangawizi. Miaka tisa iliyopita niliingia duka la nyuzi nikaomba bluu namba tatu, maneno matatu tu, na mwanamke aliyekuwa ananunua vifungo akageuka. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Akauliza, "Mama, wewe si wa kule kwetu kwenye bwawa?" Nilitikisa kichwa nikatoka. Wiki ileile nilihama mtaa. Mpaka leo nikisikia hatua nyuma yangu navuka barabara.

Nina sababu. Sitaki kuiandika.

Huo mkanda usio na lebo uache. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nawe hujaumwa, kwa hiyo mwamini aliyeumwa.

Nijibu jambo moja tu: maji bwawani yamefika wapi?

Shangazi.

*

Kituo cha Utamaduni
2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Paka na wanawe hawajambo.

Mkanda nimeusikiliza.

Nilijifungia peke yangu saa ya chakula. Ni sauti yako, nyororo, ya mtu mwenye miaka kama yangu. Unasema: "Habari za asubuhi. Hili ni tangazo maalumu kwa wakazi wa bondeni. Bwawa letu liko salama. Habari zinazoenezwa kwamba tuta limelegea ni za uongo. Mnaombwa mbaki majumbani mwenu na muendelee na shughuli zenu kama kawaida." Kabla ya "liko salama" ulivuta pumzi ndefu. Halafu unataja tarehe. Niliirudisha nyuma mara nne nikidhani nimesikia vibaya. Ni siku yenyewe. Kila mtoto wa mji huu anajua bwawa lilipasuka saa nne asubuhi, muda wa saa tatu tu baada ya tangazo lako.

Sijui nikuulize nini. Nani alikupa ile karatasi? Baba sijamwambia kitu. Usiku huo alinipakulia chakula mara mbili, kama vile alikuwa anajua nimesikia nini.

Uliniuliza kuhusu maji. Jumamosi nilipanda na Waya hadi bwawani. Mlinzi wa bwawa ni mtu mpole wa makamo, kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Alitupeleka chini ya tuta, upande wa mji, ambako maji hutoka kidogokidogo kwenye mawe. Akachota kwa kikombe cha bati akatuonyesha. "Yakitoka safi," alisema, "bwawa linatoa jasho, si kitu. Yakitoka na tope, udongo wa ndani unaondoka. Hapo ujue linaliwa tumboni." Ya kwenye kikombe yalikuwa safi. Lakini alikuwa anachota kila baada ya saa moja na kuandika kwenye daftari.

Nilimweleza Katibu. Alifunga mlango kwanza. "Tuta limeinuliwa mwaka jana na wataalamu," akasema. "Wewe ni mtaalamu wa nini?" Halafu akashusha sauti. "Dada, kituo hiki kina vijana mia wanaotaka hicho kiti chako. Tafadhali usinipe kazi ya kuchagua."

Alikuwa anatabasamu. Naogopa, Shangazi. Wageni wanakuja baada ya siku kumi na sita na mvua haikati.

Mpwa wako.

*

10 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imekaa siku saba njiani. Hii sijui itakaa ngapi. Nimeianza mara tano.

Wakati ule pia kulikuwa na wageni. Walikuwa wanakuja kuzindua stendi na soko. Mvua ilinyesha siku sita. Siku ile nilifika kazini saa kumi na mbili na nusu, Waya alikuwa bado anapasha mitambo moto. Simu ikaita nikapokea mimi. Alikuwa mlinzi wa bwawa, baba yake huyo wa sasa. Alisema, "Binti, maji yanatoka na tope tangu alfajiri. Watu wa bondeni waondoke. Wameshaanza kuambizana, nawe waambie kwenye redio, watakusikiliza." Nikamwambia nitasema. Nilimwahidi.

Kabla sijakata simu aliingia mkuu wetu na karatasi iliyopigwa chapa. Nikamweleza niliyoambiwa. Hakunigombeza. Alinishika bega kama mzazi, akasema mlinzi ni mlevi, akasema nikitia watu hofu siku ya wageni nitakuwa nimeua mji wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke wa kwanza kukaa kile kiti, na nilikipenda kuliko nilivyopenda kitu chochote. Nikaisoma.

Kwa hiyo usifikiri nilidanganywa. Nimeruhusu watu wachache waliojua wafikiri hivyo. Mimi nilijua. Ile pumzi uliyoisikia ndiyo nilipochagua.

Ndiyo maana sipokei simu. Kila ikilia ni yule mzee anauliza kama nimeshasema.

Fungasha nguo za baba yako. Karakana iko mlimani, kaeni huko wote mpaka mvua ikate. Na ukipewa karatasi, usiisome.

Kuna jambo lingine. Leo limenishinda.

Shangazi.

*

Nyumbani
21 Aprili

Shangazi,

Barua yako ya tarehe kumi imefika leo asubuhi, mambo yakiwa yameshapita. Nimeisoma huku nikijua nusu yake tayari kwa sababu ya ile simu. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana ulikata kabla hujajua.

Tarehe kumi na sita mvua ilikuwa na siku nne bila kupumzika. Nilipofika kituoni nikapokea simu ya mlinzi wa bwawa. Alisema maneno machache tu: "Tope tangu jana jioni. Nimewaambia wakubwa, wamenijibu nisubiri wataalamu." Saa kumi na mbili na dakika arobaini Katibu akaja na suti ya sherehe, kana kwamba anaizoesha, akaweka karatasi mezani kwangu. Inasema: Bwawa letu liko salama. Wakazi wa bondeni mnaombwa mbaki majumbani mwenu na mjiandae kupokea wageni. Shangazi, ilikuwa kama mtu aliunakili ule mkanda.

Hapo simu ya mezani ikaita. Nikasema, "Kituo cha Utamaduni." Upande wa pili nikasikia mtu anavuta pumzi, nami pumzi hiyo nilikuwa naijua.

"Shangazi?"

"Wamekupa karatasi?"

"Ndiyo."

"Inasema liko salama?"

"Ndiyo."

"Na mlinzi anasemaje?"

"Tope."

"Basi usiisome."

"Katibu amesimama mlangoni. Nitafukuzwa."

"Utafukuzwa," ulisema. "Mimi niliisoma, sikufukuzwa. Nilipongezwa."

Halafu ukakata. Katibu akauliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa familia, kuna ugonjwa. Nikaingia studio. Waya aliinua kidole, taa nyekundu ikawaka. Nilisema hivi, nimeyashika moyoni: "Habari za asubuhi. Nimepewa karatasi inayosema bwawa liko salama. Mlinzi wa bwawa anasema linatoa maji ya tope tangu jana. Mimi si mtaalamu. Lakini mama yangu alikufa kwenye maji yale, na kama ningekuwa bondeni sasa hivi ningebeba watoto na kupanda shuleni. Maji yanatoka na tope. Nitarudia." Nikarudia mara sita.

Katibu alikuwa anapiga kioo kwa kiganja akimwamuru Waya akate. Waya, ambaye masikio yake ni mazima kuliko ya popo, alikuwa ameweka mkono sikioni na kuuliza, "Unasemaje, mkuu?"

Walipanda. Si wote, lakini wengi, na magodoro vichwani. Baba alikuja na mkokoteni wa mbao akawa anashuka na kupandisha wazee mpaka goti likagoma. Tulikaa shuleni siku tatu. Mimi nilisimama dirishani kutwa nikitazama bondeni, na nilijikuta, Mungu anisamehe, nayasubiri maji yaje. Niliogopa yakija, nikaogopa yasipokuja.

Hayakuja. Siku ya tatu jua likatoka. Bwawa lilisimama kama lilivyokuwa.

Sherehe iliahirishwa, wageni hawakufika. Mama muuza mkaa aliteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mguu, na nyumba mbili ziliibiwa vyombo. Redioni wameniondoa; kituoni nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe. Jina langu sasa ni Bi Mafuriko. Nikipita sokoni wanainua nguo hadi magotini kama wanaovuka maji, na wanacheka kweli. Tuta limefunikwa turubai upande wa chini, pana askari wawili, na magari ya mawe yanapanda alfajiri na kurudi matupu. Mlinzi wa bwawa amehamishwa. Hakuna aliyetuambia kitu, na siku hizi mtu akiuliza, mwenzake anamkanyaga mguu.

Sijui kama nilifanya sawa. Niambie. Na uniambie lile jambo lililobaki.

Mpwa wako.

*

30 Aprili

Mwanangu,

Nilisoma kwenye gazeti lililofungiwa vifungo kwamba mvua huko imevunja rekodi, nikaona barua yangu haitawahi. Nikaenda kwa muuza maziwa kuazima simu. Alishtuka kunisikia nikiongea. Anasema koo langu limepona.

Wanakucheka. Waache wacheke. Kati ya walionisikiliza mimi, saa sita mchana siku ile, hakukuwa na wa kucheka. Mguu wa mama muuza mkaa ni juu yako, sitakudanganya, nenda ukamfulie na kumpikia mpaka asimame. Lakini umeniuliza kama ulifanya sawa. Mimi ni mtu wa mwisho wa kuulizwa, na pengine wa kwanza pia. Ulifanya sawa.

Sasa jambo lenyewe. Nimekaa nalo miaka ishirini na tano, na najua nikiliandika huenda nisipate barua nyingine kutoka kwako.

Mama yako alinisikia.

Mlikuwa mnaishi bondeni, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Redio yenu nilimnunulia mimi siku alipokuzaa wewe, ili anisikie. Wifi yangu alikuwa ananiamini kuliko alivyomwamini daktari. Alasiri ile nilikwenda mlimani kuwatafuta. Nilimkuta baba yako amekubeba, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, "Yuko wapi?" Akasema, "Alikusikia." Neno hilo moja tu. Baada ya hapo mdogo wangu hajasema na mimi tena. Nilikaa siku arobaini nikaondoka mji, na nyumbani wakakubaliana kwamba mimi nimekuwa mshonaji siku zote.

Kila sketi niliyokushonea na kukutumia ulipokuwa mdogo, nilikushonea nikijua. Nilikuwa naogopa siku utakapoacha kuniita Shangazi. Sasa nimekupa sababu, amua mwenyewe.

Mimi.

*

Nyumbani
11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika neno hilo kwanza ili ulione kabla ya mengine.

Wiki sita sijakuandikia na sitasingizia posta. Barua yako niliificha chini ya godoro nikawa naizunguka kama mtu anayemzunguka nyoka ndani ya nyumba. Wiki ya kwanza nilikuchukia. Ya pili nilimfulia mama muuza mkaa, naye akanisimulia kwamba siku ile, mwaka ule, alipoteza mume na kaka. Nilipomwambia ni nani aliyesoma tangazo, alisema, "Niletee maji ya kunywa." Hakunifukuza. Bado naenda.

Habari za mji: tumekuwa jiji. Hati ilikabidhiwa ukumbini mwezi uliopita kwa nusu saa, milango imefungwa. Kituoni nimerudishwa, chumba changu tu, si redio. Ukuta umebaki na "Mwaka wa mvua nyingi". Ila Jumatatu moja tulikuta mtu ameandika jina chini yake kwa mkaa. Katibu akaagiza lifutwe. Jumanne yakawa manne. Sasa ni thelathini na moja, na Katibu amekuwa anapita kwa mlango wa nyuma. Anaogopa, nami nimeanza kumwelewa, hofu yake naijua.

Juzi nilimpa Baba barua yako. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa, mara ya kwanza nimemwona kwenye kiti cha wateja. Nilidhani ataichana. Akaniambia nizime redio ya jirani, kana kwamba naweza.

"Mama yako hakumwamini," akasema.

Nikamuuliza anasema nini.

"Asubuhi ile alikuwa ameshafunga mizigo miwili. Jirani alimwambia kuhusu tope. Tangazo likaja. Mama yako akasema, huyu wifi leo sauti yake si yake, mimi naondoka. Mimi ndiye niliyemcheka. Nikamwambia dada yangu hajawahi kusema uongo. Nikafungua mizigo kwa mikono yangu, nikarudisha sufuria mahali pake, nikaenda kazini mlimani. Wewe nilikubeba kwa sababu ulilia kunifuata. Yeye alibaki kwa sababu yangu."

Nikamuuliza kwa nini alikuambia kwamba mama alikusikia.

"Kwa sababu ni kweli alimsikia," alisema. "Sikuweza kusema ile nusu nyingine. Kila mwaka nikasema mwaka ujao."

Shangazi, alilia bila sauti, mikono juu ya magoti. Sijui cha kufanya na ninyi wawili. Mmekaa miaka ishirini na tano kila mmoja na nusu yake. Mimi ndiye niliyekosa mama na ni mimi ninayepeleka barua.

Jana alikuja kituoni na penseli yake ya kupimia mbao. Jina la mama ameliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, wageni wa kituo wakiwa wanatazama. Akaomba nimwachie nafasi chini ya barua hii. Sijasoma aliyoandika.

Mpwa wako.

*

Dada,

Mizigo niliifungua mimi. Wifi yako alitaka kuondoka. Nilikuacha ubebe peke yako kwa sababu nilikuwa mwoga, na bado naogopa ninavyoandika hapa.

Basi linafika saa tisa. Nitakuwa stendi kesho, na keshokutwa, na siku zinazofuata. Njoo.